Diski Ikigoma, Okoa Kwanza Kilichomo

Kompyuta ya mezani ya zamani, ikiishiwa na betri yake ndogo ya ndani, huamka asubuhi na kudai kwamba leo ni tarehe 1 Januari 1980. Karani huguna, akairekebisha tarehe na kuendelea na barua zake. Kesho yake mashine inadai yale yale. Siku ya tatu inaandika kwa Kiingereza kwamba haioni diski, basi, haisogei mbele wala nyuma. Hapo fundi huitwa, na mara nyingi hukumu hutolewa kabla kesi haijasikilizwa: hii imekufa, nunueni nyingine.

Ndugu msomaji, juma hili tuiangalie hukumu hiyo. Wengi wetu tunaoishi Musoma, Bunda na Butiama tumewahi kuona, kwenye stoo ya shule, ya parokia, ya chama cha ushirika au ya ofisi ya umma, yale masanduku ya kompyuta yaliyokuwa na rangi ya maziwa na sasa yamegeuka manjano. Yamepangwa chini ya meza mbovu, juu yake pameshonana vumbi na utando wa buibui. Ndani ya kila sanduku mna diski ngumu, na ndani ya diski hiyo mna kazi ya mikono ya watu: orodha za wanafunzi, mishahara ya watumishi, madeni ya wakulima wa pamba, majina ya waliobatizwa, mihtasari ya vikao. Hizo ndizo kumbukumbu zetu za miaka ya 1990 na ya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Sisi daftari tulikuwa nalo, na tunalitupa pamoja na sanduku.

Hoja yangu ni nyepesi. Diski inapotoa hitilafu, huwa inatoa taarifa, na taarifa hiyo yafaa isomwe. Mara nyingi chanzo cha ugonjwa kiko nje ya diski, na hata kama diski yenyewe ndiyo inayoumwa, kazi ya kwanza ni kuokoa kilichomo. Ukarabati ni kazi ya baadaye. Tena nitaonyesha kwamba nchi yetu iliwahi kufanya kosa hilo hilo la kuhukumu haraka, si juu ya mashine moja, bali juu ya kompyuta zote kwa pamoja.

Tuanze na historia. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam. Ilikuwa ya aina ya ICT 1500, iliyouzwa na kampuni ya Kiingereza ya ICT. Baadaye Hazina ikapata mashine kubwa zaidi ya mlolongo wa 1900, na mashirika machache ya umma nayo yakaagiza za kwao. Kufikia mwaka 1974 nchi nzima ilikuwa na kompyuta saba tu.

Tegemeo lilikuwa kwamba mashine zile zingeharakisha hesabu za serikali. Kilichotokea ni kinyume chake. Hesabu zilivurugika. Wataalamu waliozielewa mashine walikuwa wageni wa mkataba, wakimaliza muda wao wanafunga mizigo na kuondoka. Wenyeji waliofundishwa walikuwa wachache mno. Mipango ya kazi ilikuwa imetungwa bila kuielewa vizuri kazi yenyewe jinsi inavyofanyika ofisini. Basi mwaka 1974 serikali ikatoa amri ya kuzuia uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake kutoka nje, na amri hiyo ikazigusa televisheni vilevile.

Tusiwe wepesi wa kuwacheka wazee wetu. Mwaka 1974 ulikuwa mwaka mgumu. Bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda kwa ghafla tangu mwishoni mwa 1973, ukame uliipiga nchi, na fedha za kigeni zilihitajika kununulia chakula. Rais wa nchi, Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Butiama, alikuwa na mambo makubwa zaidi ya kufikiria kuliko mashine za kuhesabia. Na jambo la kutia fikra ni kwamba mwaka ule ule, mwezi Novemba, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapa hapa Musoma na kupitisha Azimio la Musoma. Azimio hilo liliamua kwamba kufikia mwaka 1977 kila mtoto wa rika la shule apate nafasi ya elimu ya msingi. Tena liliagiza kwamba kijana anayemaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja, bali afanye kazi kwanza, ili elimu na kazi zishikane.

Yaangalie mambo hayo mawili kwa pamoja. Dar es Salaam mashine zilizuiwa kwa sababu zilishindwa kazi. Musoma ilitamkwa kwamba msingi wa maendeleo ni mtu aliyeelimishwa kwa ajili ya kazi anayoifanya. Lau maneno ya Musoma yangetumika kuipima ile kesi ya Hazina, pengine ingeonekana kwamba kilichopungua pale ni watu: mafundi wa kuitunza mashine, makarani wa kuilisha, na wakubwa wa kuuliza maswali yanayofaa. Dawa ya upungufu huo ni mafunzo. Sisi tuliagiza mlango ufungwe, na mlango ulipofungwa, mafunzo nayo yakabaki nje.

Mlango ule ulikaa umefungwa, ukiachwa wazi kidogo kwa wenye vibali maalumu, na wakati huo dunia ya diski ilikuwa inageuka. Diski ngumu ya kwanza ilitolewa na kampuni ya IBM mwaka 1956, katika mashine iliyoitwa RAMAC, iliyobuniwa San Jose, California. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye kipenyo cha sentimita 61, na uzito wake ulikuwa kama tani moja. Kwa ukubwa huo wote ilibeba herufi milioni 5 tu. Ni kama kuandika Biblia moja nzima na kubakiwa na nafasi kidogo. Mwaka 1973 IBM hao hao wakaleta diski iliyofungiwa sahani na vichwa vyake ndani ya kasha moja lisiloingiza vumbi, na muundo huo, uliopewa jina la utani la Winchester, ndio baba wa diski zote zilizofuata. Mwaka 1980 kampuni ya Seagate ikatoa diski ndogo ya kuingia ndani ya kompyuta ya mezani, yenye uwezo ule ule wa megabaiti 5. Mwaka 1983 IBM ikauza kompyuta yake ya XT ikiwa na diski ya megabaiti 10 ndani yake.

Kwa hiyo, katika miaka tisa tu baada ya amri yetu ya 1974, kompyuta iliondoka kwenye chumba chenye kiyoyozi na walinzi, ikakaa juu ya meza ya karani. Katika miaka ya 1980 masharti yalilegezwa kidogo kidogo, na miaka ya 1990, biashara ilipoachiwa huria, kompyuta zikaingia kwa kasi. Nyingi zilikuwa za mitumba, zimekwisha kutumika Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba. Zikashushwa bandarini Dar es Salaam, zikapanda Mwanza, hatimaye zikafika kwenye steshenari za Musoma na Bunda, zikawekwa pembeni ya mashine ya fotokopi na kuvishwa kitambaa cha kufumwa kama redio ya sebuleni. Mashine zilitangulia, mafundi wakaja nyuma wakikimbia.

Mkoa wetu, tuseme kweli, ni mkoa mgumu kwa diski. Ngoja nieleze kwa nini.

Ndani ya diski ngumu mna sahani za alumini au za kioo, zilizopakwa utando mwembamba wa sumaku. Diski za kompyuta za mezani za miaka ya mwisho ya 1990 huzizungusha sahani hizo mara 5,400 au 7,200 kwa dakika moja. Juu ya kila sahani huelea kichwa kidogo cha kusomea na kuandikia. Hakigusi sahani, hubebwa na hewa, na pengo lililopo kati yake na sahani ni dogo mara nyingi kuliko unene wa unywele. Sasa fikiria kichwa hicho kiko katikati ya kuandika orodha ya mishahara, na umeme unakatika. Wale wenye kumbukumbu wataukumbuka mgao wa umeme wa mwaka 1992 na ule wa 1994, mabwawa yalipopungua maji. Na hata pasipokuwa na mgao, Ziwa Victoria ni mojawapo ya sehemu za dunia zinazopigwa sana na radi, na Musoma imejengwa kwenye rasi inayoingia ndani ya ziwa hilo. Umeme unaokatika huiacha kazi nusu. Umeme unaorudi kwa kishindo huunguza. Ukiongeza unyevu wa ziwani unaokula miguu ya shaba ya kebo, na vumbi linaloziba feni hata sanduku lote likapata joto la oveni, utaona kwamba diski iliyodumu miaka kumi katika wilaya zetu ilikuwa shujaa.

Tusonge kwenye hitilafu zenyewe. Ziko za aina mbili, na anayezichanganya huharibu. Nitatumia mfano wa ghala la pamba, ambao kila mtu wa Bunda anaujua. Ghala lina leja na lina marobota. Leja husema robota la fulani liko safu ya tatu, kona ya kushoto. Diski nayo ni hivyo hivyo: ina orodha inayosema faili fulani limewekwa wapi, halafu ina faili lenyewe. Aina ya kwanza ya hitilafu ni leja kutolingana na ghala. Umeme umekatika karani akiwa ameingiza robota ndani lakini hajaliandika, au ameliandika na halikuingia. Pamba ni nzima, paa ni zima, ila maandishi yamevurugika. Aina ya pili ni paa kuvuja. Hapo utando wa sumaku umechubuka, au kichwa kimelegea, au mota imechoka, na kila dakika inayopita pamba inaloa.

Programu za ukarabati, kama vile CHKDSK ya enzi za DOS na ScanDisk iliyokuja na DOS 6.2 mwaka 1993 na kuendelea ndani ya Windows 95 na 98, ni makarani wa leja. Kazi yao ni kuhakikisha leja inalingana na ghala. Wakikuta robota lisiloandikwa, hulipa jina la namba tu na kuliweka pembeni. Ndiyo maana baada ya ukarabati huona mafaili mageni yenye majina kama FILE0000.CHK. Wakikuta maandishi yasiyo na robota, hufuta maandishi. Mwishoni leja italingana, lakini mzigo wa mkulima mmoja waweza kuwa umepotea jina lake. Na kama paa linavuja, kumpeleka karani akahesabu robota moja moja, safu kwa safu, huku mvua inanyesha, ni kupoteza muda ambao ungetumika kutoa pamba nje. Diski yenye ugonjwa wa mwili, ukiilazimisha ichunguzwe uso mzima kwa saa nne, huenda ikakata roho katika saa ya tatu.

Basi fundi mwenye busara hufanya nini? Huanza nje na kuingia ndani polepole, kama mganga anayeuliza kabla ya kupasua.

Kwanza huandika maneno yote yaliyoonekana kwenye skrini, herufi kwa herufi, na siku yalipoanza. Watu wengi husema tu, “imeandika vitu vya Kiingereza.” Vitu hivyo vya Kiingereza ndivyo ushahidi. Ujumbe wa kwamba diski haina mfumo wa kuanzishia, kwa mfano, mara nyingi katika mashine za zamani ulimaanisha kitu kimoja cha kuchekesha: mtu amesahau flopi ndani ya mlango wake, na kompyuta inajaribu kuamka kutoka kwenye flopi hiyo. Toa flopi, washa upya, kesi imekwisha. Ni diski ngapi zilizokuwa nzima zimewahi kufutwa kwa sababu ya flopi iliyosahauliwa?

Pili huangalia umeme: plagi, stabilaiza, na kile kisanduku cha umeme kilichomo ndani ya sanduku kubwa ambalo sisi tumezoea kuliita sipiyu. Kisanduku hicho kikichoka, hutoa umeme pungufu. Diski inaanza kuzunguka, inakosa nguvu, inasimama, inaanza tena. Ukiisikiliza utadhani diski ndiyo mgonjwa, kumbe ina njaa.

Tatu ni ile betri ndogo iliyoko ndani ya mashine. Katika kompyuta za miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, vipimo vya diski, yaani ina vichwa vingapi na njia ngapi, viliandikwa kwenye kumbukumbu ndogo inayolishwa na betri hiyo. Betri ikifa, mashine husahau tarehe na kusahau diski kwa pamoja. Hiyo ndiyo siri ya kompyuta inayodai tuko mwaka 1980, mwaka ambao, kwa sheria zetu za wakati ule, yenyewe isingeingia nchini bila kibali. Betri mpya ni bei ya chupa chache za soda. Baada ya kuiweka, unaingia kwenye ukurasa wa mipangilio na kuirudishia mashine vipimo vyake, ambavyo mara nyingi vimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya diski yenyewe.

Nne ni kebo, ule utepe mpana wa nyaya 40 unaounganisha diski na bodi. Unyevu na kutu hukaa kwenye miguu yake. Mara nyingine kuichomoa na kuichomeka tena kwa uangalifu, umeme ukiwa umezimwa, hutosha. Kama diski ziko mbili kwenye kebo moja, kuna vijumba vidogo vya plastiki viitwavyo jampa vinavyosema ipi ni ya kwanza na ipi ni ya pili. Zote mbili zikidai kuwa ya kwanza, hakuna itakayoonekana. Aliyeongeza diski ya mitumba bila kuziangalia jampa zake amejitengenezea ugonjwa mwenyewe.

Tano ni sikio. Diski nzima huvuma kwa sauti moja. Ikigonga kwa mdundo, ta, ta, ta, maana yake vichwa vinatafuta njia na havioni. Ikikwaruza, vichwa vinagusa sahani. Ikiwa kimya kabisa ilhali umeme unafika, huenda mota imekwama. Diski za zamani zilizokaa miaka mingi bila kuwashwa huwa na ugonjwa wa vichwa kugandamana na sahani. Ukisikia kukwaruza, zima mara moja. Kila mzunguko unafuta maandishi.

Na hapa ndipo ilipo kanuni yenyewe. Kabla ya kuendesha programu yoyote ya kukarabati, kabla ya kuifomati, kabla ya kuweka Windows upya, toa nakala. Kama diski bado inasomeka, anza na kile kisichoweza kupatikana kwingine, siyo kile kilicho kikubwa. Programu hazina thamani hiyo, zinapatikana tena. Orodha ya majina haipatikani tena. Fundi huweza kuichomoa diski na kuifunga kwenye kompyuta nyingine iliyo nzima, au siku hizi kutumia kiunganishi cha USB kinachopokea diski za kebo pana za zamani, akanakili kutoka hapo bila kuandika chochote juu ya mgonjwa. Zipo hata programu za bure zinazonakili diski nzima kipande kwa kipande: huruka sehemu mbovu, huchukua kwanza kilicho kizima, halafu hurudi kuzijaribu sehemu zilizogoma. Ukarabati wa leja ufanyike kwenye nakala. Ukiharibika, unayo nyingine.

Wapo watakaosema: tumesikia kwamba diski ikiwekwa kwenye friji inapona, na wengine huipiga kofi, na wengine hufungua kasha lake mezani kwa bisibisi. Friji huleta ukungu wa maji ndani, kofi huvunja kilichobaki, na kasha likifunguliwa katika chumba cha kawaida, chembe moja ya vumbi la barabarani huwa kama jiwe mbele ya kichwa kile kinachoelea. Yaliyomo yakiwa ya thamani kubwa na diski inakwaruza, isiguswe tena. Iwekwe kwenye mfuko mkavu, iandikwe jina na tarehe, isubiri mtu mwenye vyumba na vyombo vya kazi hiyo. Kusubiri hakuifanyi diski iliyozimwa iharibike kwa haraka kama kuichokonoa.

Sasa niulizwe: ni nani anayehitaji mafaili ya mwaka 1996? Swali la haki, na jibu lake linatembea mitaani. Mtumishi aliyeajiriwa mwaka 1994 akiwa kijana wa miaka 28, leo anafikia umri wa kustaafu wa miaka 60. Katika maisha yake ya kazi, mfuko wa NPF ulikwisha kugeuka kuwa NSSF mwaka 1997, na mwaka 2018 mifuko kadhaa ya watumishi wa umma iliunganishwa kuwa PSSSF. Akiambiwa michango yake ya miaka fulani haionekani, ataombwa ushahidi: barua ya ajira, orodha za mishahara, jina la mwajiri wa wakati ule. Mwajiri aliyekuwa akiandika kwa kalamu, daftari lake lipo kabatini. Mwajiri aliyekuwa wa kisasa, aliyenunua kompyuta mapema kuliko wenzake, huenda ndiye aliyetupa kila kitu siku diski ilipogoma. Mzee anaingia kwenye basi kutoka Bunda kwenda Musoma, na kutoka Musoma kwenda Mwanza, akifuatilia karatasi ambayo ilikuwa ndani ya sanduku lililouzwa kwa kilo kama chuma chakavu.

Tena ofisi huhama. Wilaya ya Butiama ilizaliwa mwaka 2012 ikitoka katika iliyokuwa Musoma Vijijini. Wilaya inapogawanywa, majalada hupangwa, huhesabiwa na kusainiwa, kwa sababu watu wanajua jalada ni jalada. Lakini kompyuta huorodheshwa kama samani: moja, mbovu, haifanyi kazi. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 haitofautishi hivyo. Kwa sheria hiyo kumbukumbu ni kumbukumbu, iwe kwenye karatasi au kwenye chombo kingine chochote. Diski mbovu ya ofisi ya umma ni jalada lililofungwa, siyo meza iliyovunjika mguu. Na anayeiuza kwa muuza chuma bila kuifuta, hajui amemuuzia nani siri za watu.

Butiama yenyewe inatufundisha jambo juu ya vyombo vya kuandikia. Mwalimu Nyerere alipostaafu alirudi kijijini kwake na hakuacha kuandika. Tenzi zake za Injili zilichapwa mwaka 1996. Makumbusho yanayobeba jina lake yalifunguliwa Butiama mwaka 1999, mwaka ule ule aliofariki. Karatasi ya mwaka 1996 ikitunzwa pakavu, mtoto wa darasa la tatu anaweza kuisoma leo kwa macho yake tu. Faili la mwaka huo huo linahitaji diski nzima, kebo inayoifaa, mashine ya kuipokea, umeme, na programu inayoielewa lugha ya faili hilo. Minyororo mitano, na mmoja ukikatika, hakuna kusoma. Sisemi turudi kwenye taipureta. Nasema anayechagua chombo chenye minyororo mitano hana budi kuwa na nakala mbili, na orodha zilizo nyeti kabisa azitoe kwenye karatasi pia. Kompyuta za siku hizi zenye diski zisizo na sahani wala mota hazitupi msamaha katika hilo. Zenyewe hufa kimya, bila hata kugonga.

Kwa hiyo ombi langu kwa wakuu wa shule, makatibu wa vyama vya ushirika, mapadri na wachungaji, na maofisa utumishi wa mkoa huu ni hili. Kabla ya bajeti ya kompyuta mpya kupita, fungueni stoo. Hesabuni masanduku yaliyomo. Kwa kila moja, mtafuteni karani aliyekuwa akilitumia, kama bado yupo hai, mumwulize lilikuwa na nini ndani. Halafu mwiteni fundi mmoja mwaminifu, mkae naye, mumwambie aanze na plagi, betri na kebo, na asiandike chochote juu ya diski mpaka nakala iwe imetoka. Baadhi zitakuwa zimekufa kweli. Nyingine zitawashangaza.

Mwaka 1974 tulizuia mashine kwa sababu hatukuwa na watu wa kuzielewa. Leo vijana wanaozielewa wamejaa katika miji yetu, wanatengeneza simu kwenye vibanda vya stendi ya Bunda na pembeni ya soko la Musoma. Mikono ipo. Wazee wanaozikumbuka zile orodha bado wapo pia, ila hao hawatukai milele. Anayetaka kuwakutanisha asingoje mwaka mwingine wa fedha.

Hadi juma lijalo, kwaherini.